Kontroli Hasi Ikishikamana: Tuoshe kwa Vuguvugu, Tubadilishe Plazma, au Tuvue Kingamwili?

Mgonjwa ni mmoja na neli ziko nne kwenye rafu, kila moja ikiwa na chembe nyekundu za damu yake: ya anti-A, ya anti-B, ya anti-D (kingamwili zinazotambua alama, yaani antijeni, A, B na D juu ya chembe hizo), na ya kontroli ambayo haina kingamwili yoyote ndani yake. Zote nne zimeshikamana, yaani chembe zimekusanyika vichungu. Mtu aliyechoka na zamu ya usiku anaweza kuandika "AB chanya" kwenye daftari na kuendelea na kazi nyingine, kwa kuwa neli tatu za mwanzo zinasomeka vizuri na jibu lake ni kundi ambalo watu wanalo kweli. Mwenzake aliye makini zaidi ataiona ile ya nne, lakini naye atavutwa na hesabu: kontroli imeshikamana kwa daraja la 1+, anti-A kwa 4+, basi tukitoa moja katika nne zinabaki tatu, na mgonjwa ana antijeni A. Hesabu ya namna hiyo haikubaliki. Kontroli hasi imewekewa kila kilichomo katika kipimo isipokuwa ile kingamwili inayoulizwa, kwa hiyo inaposhikamana inatuambia kwamba ipo sababu nyingine ya mshikamano, na sababu hiyo imo katika neli zote nne. Mshikamano si sukari ya kupimwa kwa kijiko ili ipunguzwe kwenye chai. Jibu la kipimo hicho si chanya wala si hasi. Ni kwamba hakijasomeka.

Swali la maana ni njia ipi ifuatwe baada ya hapo. Nazilinganisha hapa njia ambazo maabara ya hospitali ya wilaya au ya mkoa, huku Mtwara na Lindi, inaweza kuzifikia bila vifaa vya anasa, na ninaeleza pia ni wapi nadhani maabara hiyo inapaswa kusimama na kupeleka sampuli mbele.

Kwanza, mgonjwa mmoja au siku nzima?

Kuna kontroli za aina mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Ya kwanza ni kontroli ya siku, ambapo kila asubuhi anti-A hupimwa kwa chembe za kundi B, anti-B kwa chembe za kundi A, na anti-D kwa chembe zisizo na D, ili kuhakikisha kwamba kitendanishi hakishiki kisichokihusu. Ya pili ni kontroli ya mgonjwa, yaani chembe zake mwenyewe zikiwekwa pamoja na maji ya chumvi, au na kiowevu kilichotengenezewa kitendanishi husika, au na plazma yake mwenyewe. Ya kwanza ikishikamana, hakuna jibu la mgonjwa yeyote linalotoka mpaka kasoro ipatikane, na majibu yote yaliyotolewa tangu kontroli ya mwisho iliyokuwa sahihi hupitiwa upya. Ya pili ikishikamana kwa mgonjwa mmoja huku ya wengine ikitulia, tatizo limo katika damu yake.

Tofauti hii huonekana ndogo mpaka siku inapokugharimu. Katika maabara moja niliyofanyia kazi, niliwahi kumshuku mama mmoja kwa nusu siku kwamba ana kingamwili dhidi ya chembe zake mwenyewe, kumbe neli za kioo tulizokuwa tukizirudia zilikuwa zimesuuzwa vibaya na zilibaki na uchafu. Ningempima jirani yake wa kitandani kwa neli zilezile ningelijua hilo kwa dakika tano. Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya ni kumpima mtu wa pili kando ya wa kwanza, na la pili ni kumwaga maji ya chumvi ya zamani na kufungua mengine. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yakikaa siku kadhaa kwenye chombo kilicho wazi, hasa katika joto letu la pwani, pH yake hushuka na bakteria huota, na yote mawili huharibu usomaji wa kipimo. Yaliyowekewa bafa ya pH 7.0 hadi 7.2 ndiyo bora pale yanapopatikana.

Kuosha kwa vuguvugu na kubadilisha plazma

Ikishathibitika kwamba tatizo ni la mgonjwa, washukiwa wakuu ni watatu: kingamwili baridi, ambazo hushikamanisha chembe joto linaposhuka chini ya la mwili, protini nyingi katika plazma, ambazo hufanya chembe zipangane, na kingamwili za aina ya IgG zilizokwisha kuvaliwa na chembe zikiwa bado mwilini. Wawili wa mwanzo hutibika kwa vifaa ambavyo kila maabara inavyo, na ndipo kosa la kuchagua dawa isiyo ya ugonjwa hutokea mara nyingi.

Protini nyingi hupatikana kwa wagonjwa wenye maambukizi ya muda mrefu, kwa wenye saratani ya uboho inayotengeneza globulini kupita kiasi, na kwa waliopewa deksitrani, kiowevu cha kuongeza ujazo wa damu, kwenye mshipa. Chembe zao zikitazamwa kwa darubini huonekana zimepangana kama sarafu juu ya sarafu, wakati kingamwili baridi hutoa vichungu visivyo na mpangilio. Dawa ya sarafu ni kubadilisha plazma: neli huzungushwa kwenye sentrifuji, plazma hufyonzwa yote kwa pipeti, matone mawili ya maji ya chumvi huwekwa mahali pake, chembe hutikiswa taratibu, kisha neli huzungushwa tena na kusomwa. Mshikamano wa kweli hubaki. Ule wa sarafu hutawanyika. Njia hii haigharimu chochote na huchukua dakika chache, lakini inafaa pale tu plazma inapokuwa sehemu ya kipimo, kama katika upimaji wa kundi kwa upande wa plazma (plazma ya mgonjwa na chembe za kundi linalojulikana) au katika hatua ya kwanza ya kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji. Haiwezi kuondoa kingamwili baridi iliyoishika chembe, na mtu anayeitumia kwa kila kontroli inayoshikamana atashangaa kwa nini nusu ya neli zake hazibadiliki.

Kuosha kwa vuguvugu ni jambo lingine. Chembe za mgonjwa hupashwa katika nyuzi 37, huoshwa mara kadhaa kwa maji ya chumvi yaliyopashwa kwa joto hilohilo, kisha hupimwa upya kwa anti-A, anti-B, anti-D na kontroli. Kwa upande wa chembe, hii ndiyo njia ninayoipendekeza ianze katika maabara zetu, na sababu yangu ni ya kivitendo: tendo moja huwaondoa washukiwa wawili, kwa kuwa uoshaji wenyewe huondoa plazma pamoja na protini zake, na joto huiachisha kingamwili baridi. Kontroli ikitulia baada ya hapo, kundi linasomeka na kazi imekwisha. Ikiendelea kushikamana, umejifunza kwamba unayemtafuta ni yule wa tatu.

Kwa upande wa plazma, hata hivyo, sipendi joto lianze. Kupasha plazma na chembe za paneli (seti ya chembe ambazo antijeni zake zinajulikana) kabla ya kuzikutanisha huondoa usumbufu wa kingamwili baridi, lakini huweza pia kudhoofisha kingamwili yenye madhara ambayo tulipaswa kuiona, na mtu akaridhika na neli zilizotulia huku akiwa ameificha hatari. Itumike tu pale ambapo imeshaonekana kwamba mshikamano huongezeka nyuzi 4 na kupungua kadiri joto linavyopanda, na kwamba chembe za mgonjwa zimebeba komplimenti (protini za kinga zilizomo kwenye damu) bila IgG.

Hapa jiografia yetu inaingia kwa namna ambayo vitabu vilivyoandikwa Ulaya havikuifikiria. Vinaposema "joto la chumba" vinakusudia nyuzi 20 hadi 24, ilhali chumba kisicho na kiyoyozi Mtwara mjini au Kilwa huweza kufika nyuzi 30 mchana, na hapo kingamwili baridi dhaifu hunyamaza. Sampuli hiyohiyo ikipelekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, kontroli inashikamana, na maabara mbili zinaanza kulaumiana. Mfano mwingine ni wa sampuli inayotoka Newala, juu ya Uwanda wa Makonde ambako asubuhi za Juni na Julai huwa za baridi, ikashushwa pwani ndani ya kasha la barafu: kingamwili baridi ina saa kadhaa za kujishika kwenye chembe kabla ya kufunguliwa. Kwa mgonjwa anayeshukiwa hivyo, sampuli ichukuliwe kwenye chupa yenye EDTA, ambayo huzuia komplimenti isijishike ndani ya chupa, na itenganishwe chembe na plazma ikiwa bado na joto, kabla ya kuingia kwenye barafu.

Maji ya mwisho ya kuoshea

Kontroli nyingine hasi ambayo watu huidharau ni maji ya mwisho ya kuoshea katika kipimo cha eluati, yaani kile kiowevu kinachopatikana kwa kuzing'oa kingamwili kutoka kwenye chembe ili zitambuliwe. Kabla ya kung'oa, chembe huoshwa mara nne hadi sita, na maji ya mzunguko wa mwisho huhifadhiwa na kupimwa sambamba na eluati yenyewe. Yakitulia, mshikamano wa eluati ni wa kingamwili iliyokuwa kwenye chembe. Yakishikamana, hatujui kama eluati inatueleza kilichokuwa juu ya chembe au mabaki ya plazma yaliyokuwa yakielea pembeni mwake.

Sababu ni mbili na dawa zake zinatofautiana. Kama plazma ya mgonjwa ina kingamwili nyingi sana, uoshaji haukutosha. Mizunguko iongezwe, na wengine huhamishia chembe kwenye neli safi kwa kuwa plazma hujishika kwenye ukuta wa neli. Lakini kama kingamwili imeshika chembe kwa ulegevu, inadondoka yenyewe wakati wa kuoshwa, na hapo kuongeza mizunguko kunazidisha hasara: maji ya mwisho yanashikamana na eluati inakuwa tupu. Dawa yake ni kuosha kwa maji baridi sana, au kwa kiowevu cha kuoshea kinachokuja na seti ya eluati. Angalia jinsi mambo yanavyopinduka. Kule kwenye kingamwili baridi tuliyapasha maji ili kingamwili iachie. Huku tunayapoza ili isiachie. Mtaalamu aliyezoea chupa yake ya maji ya vuguvugu akaitumia kwa eluati ataosha ushahidi wote na kuumwaga kwenye sinki.

Kuvua IgG: asidi au klorokwini

Mshukiwa wa tatu huonekana zaidi huku kwetu kuliko tunavyofikiri, kwa sababu mikoa yetu iko miongoni mwa ile yenye malaria nyingi, na watoto wenye malaria huweza kuwa na chembe zilizovaa kingamwili au komplimenti. Dawa nazo zimo: methyldopa wanayopewa wajawazito wenye shinikizo la juu la damu, na ceftriaxone inayochomwa wodini kila siku, zote zinajulikana kwa kufanya kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, kinachoonyesha kama chembe zimevaa kingamwili au komplimenti, kiwe chanya.

Kwa wagonjwa hawa vitendanishi vya kisasa vyenye protini kidogo kwa kawaida hutoa kundi la ABO na D bila taabu. Tabu huanza panapohitajika kipimo kinachopitia antiglobulini (kitendanishi kinachoshika kingamwili za binadamu), kama kile cha D dhaifu, yaani D iliyo chache juu ya chembe, kwa sababu antiglobulini itazikamata IgG zilizokwisha kuvaliwa hata kama anti-D haikushika chochote. Kontroli itashikamana, na D dhaifu haitasomeka mpaka IgG zivuliwe.

Njia za kuvua ninazozilinganisha hapa ni mbili. Ya asidi hutumia glaisini yenye asidi pamoja na EDTA, na kazi yake huisha kwa dakika moja au mbili. Ni ya haraka na husafisha vizuri, lakini huharibu antijeni za mfumo wa Kell (mfumo mwingine wa makundi ya damu, wenye antijeni K), kwa hiyo chembe zilizopita humo haziwezi kuulizwa tena kama zina K. Ya klorokwini hutumia klorokwini difosfeti yenye pH ya takriban 5.1, na huchukua kati ya nusu saa na saa mbili katika joto la chumba; haigusi Kell, ila ikizidishiwa muda au joto hudhoofisha antijeni za Rh, nazo ndizo tunazozitafuta katika kipimo cha D dhaifu. Zote mbili haziondoi komplimenti. (Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka klorokwini kwa mwasho wake, kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001; vidonge vya kabatini, hata hivyo, si kitendanishi.)

Kama swali ni D, ningechagua asidi, maana muda wake ni mfupi na Kell haitakiwi. Kama swali ni Kell, sina budi kuchagua klorokwini, na nikae na saa mkononi. Katika hali zote mbili kuna sharti lisilo na mjadala: baada ya kuvua, kipimo cha Coombs cha moja kwa moja kirudiwe kwenye chembe zilizovuliwa, na chembe za mtu mwingine ambazo antijeni zake zinajulikana zipitishwe katika tiba hiyohiyo. Bila hatua hiyo mtu anaweza kusoma neli iliyotulia kama "hana D" wakati ukweli ni kwamba ameiharibu D ya mgonjwa.

Coombs ya moja kwa moja na kontroli ya paneli

Katika kutambua kingamwili kwa paneli, kontroli ni chembe za mgonjwa na plazma yake, pamoja na kiowevu cha kuongeza nguvu kinachotumika katika neli nyingine. Wengi huichukulia kuwa ni sawa na kipimo cha Coombs cha moja kwa moja, lakini hicho hakina plazma wala kiowevu. Zikitofautiana, yaani kontroli ikashikamana na Coombs ikatulia, ugomvi huenda ni kati ya plazma ya mgonjwa na kiowevu chenyewe, na kurudia paneli kwa kiowevu kingine au kwa maji ya chumvi peke yake kutatoa jawabu. Zote mbili zikishikamana na chembe zote za paneli zikashikamana kwa nguvu ileile, kingamwili ya joto dhidi ya chembe zake mwenyewe ndiyo ya kufikiriwa. Kontroli ikitulia huku paneli nzima ikishikamana, tafuta kingamwili dhidi ya antijeni ambayo karibu kila mtu anayo; kwa Waafrika, anti-U ni mojawapo ya zile zisizopaswa kusahauliwa.

Kuna hali moja inayobadilisha tafsiri yote: mgonjwa aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu. Chembe zake ni mchanganyiko wa zake na za mchangiaji, na kontroli inayoshikamana inaweza kuwa ni kingamwili mpya inayozishambulia zile za kuongezewa, jambo ambalo kwa kawaida huonekana kati ya siku 3 na 14 baada ya damu kuingia. Mtu kama huyu asifanyiwe ufyonzaji wa kingamwili (kuiondoa kingamwili kwenye plazma kwa kuishikisha kwenye chembe) kwa chembe zake mwenyewe, kwa sababu zile za mchangiaji zitaifyonza kingamwili tunayoitafuta.

Neli au kadi za jeli

Kadi za jeli, zenye safu ndogo za jeli ambamo kipimo hufanyika badala ya kwenye neli, huvutia kwa kuwa hazihitaji kuoshwa, matokeo hayabadiliki upesi, na mtu wa zamu inayofuata anaweza kuyasoma mwenyewe. Lakini hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipo kwa mada hii: huwezi kubadilisha plazma ndani ya jeli, na nyuzi za fibrini (protini ya damu iliyoganda) au protini nyingi hukwamisha chembe juu ya safu kama vile zimeshikamana. Zaidi ya hapo, kadi za watengenezaji wengi zinatakiwa zihifadhiwe kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na stoo yetu ya pwani umeme ukikatika haitoi ahadi hiyo. Kadi iliyokauka, ambayo kiowevu juu ya jeli kimepungua au mapovu yameonekana, itupwe kabla ya kupima, maana kontroli yake haitaaminika upande wowote. Kwa kazi ya kila siku, jeli ni nzuri ikiwa kuna kiyoyozi. Kwa kontroli iliyoshikamana, rudi kwenye neli.

Damu ipi itoke, na nini kiandikwe

Mtoto mwenye himoglobini chini ya gramu 4 kwa desilita hasubiri eluati. Kama kundi halijathibitika, atapewa chembe za kundi O, na kama ni msichana au mwanamke anayeweza kuzaa na D yake haijulikani, O isiyo na D itafutwe kwanza, ingawa sote tunajua ni adimu kiasi gani katika friji zetu. Watu wasio na D, ambao Ulaya ni takriban asilimia 15, huku ni wachache zaidi. Sampuli za kutosha zichukuliwe kabla damu haijaanza kuingia, kwa sababu baada ya hapo maswali mengi hayatajibika tena. Daktari aambiwe kwa mdomo, asiachiwe karatasi peke yake, kwamba ulinganisho haukusomeka, ili yeye apime hatari ya kungoja dhidi ya hatari ya kuongeza damu.

Maabara iliyomaliza uoshaji wa vuguvugu, ikabadilisha plazma, na kontroli bado inashikamana, imefika mahali pa kupeleka sampuli kituo cha kanda cha damu salama hapa Mtwara, ambacho kinaweza kuiendeleza hadi Dar es Salaam. Sampuli bila maelezo ni nusu ya sampuli. Kwenye fomu iandikwe: ameongezewa damu lini, amepata mimba ngapi, anatumia dawa gani, ni kontroli ipi iliyoshikamana na kwa daraja gani, joto la chumba lilikuwa nyuzi ngapi, na nini kimeshajaribiwa. Na mahali pa kundi la damu, pasiandikwe kundi la kukisia lenye alama ya kuuliza. Paandikwe "halijathibitika, kontroli imeshikamana".